Yule Samaki Haombi Chakula, Anatafuta Hewa

Mwezi uliopita niliingia kwenye nyumba moja ya wageni hapa Kigoma mjini kumsubiri mtu. Pale mapokezi kuna tangi la kioo lenye taa ya buluu na kasri la plastiki, na ndani yake walikuwamo samaki wanane weusi wenye vidoa vyeupe mwili mzima. Niliwatambua papo hapo. Ni Tropheus duboisi wachanga, wenyeji wa mawe ya Ziwa Tanganyika. Wakikua vidoa hupotea, kichwa huwa cha buluu na kiunoni hujifunga mshipi mpana mweupe au wa manjano. Wote wanane walikuwa juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji.

"Hawa wanapenda kula, kaka," dada wa mapokezi akaniambia. "Ukisogea tu wanakuja juu." Akachukua kopo, akawanyunyizia chakula.

Nilimwomba anisogelee tuangalie pamoja. Chakula kilikuwa kinazama na hakuna aliyekigusa. Mashavu yao yalifunguka na kufunga mbiombio, kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Nikauliza kuhusu pampu ya hewa. Ilizimwa tangu jana usiku, maana mgeni mmoja alilalamikia kelele. Tukaiwasha, tukatoa theluthi ya maji na kujaza mengine yaliyokuwa yamelala kwenye pipa siku mbili. Baada ya saa moja watano walikuwa wameshuka chini. Watatu walikufa kabla ya magharibi.

Tangu siku ile jambo hili halijaniondoka moyoni. Tunaishi kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, lenye aina zipatazo 250 za sikilidi (jamii ya samaki waliomo hawa Tropheus), na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Samaki hawa husafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya plastiki hadi Ulaya, Marekani na Asia, na huko kuna watu wanaokesha kusoma tabia zao. Sisi tuliozaliwa mwisho wa reli ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kumwangalia samaki na kujua kwamba ana shida. Badala yake tunamjua kama kitoweo, au kama pambo la mapokezi.

Maoni yangu ni kwamba huwezi kuitambua dhiki ya samaki kama hujawahi kumwona akiwa ametulia. Na kumwona ametulia, hapa kwetu, ni bure. Chukua miwani ya kuogelea, nenda kwenye mawe ya upande wa Katonga asubuhi ziwa likiwa shwari, utie kichwa majini nusu saa. Utawaona wakikwangua utando wa mwani, yale majani madogo yanayoota juu ya mawe, bila kupumzika, mapezi yamekunjuka, mashavu yanacheza taratibu. Kivuli chako kikiwapitia wanatoweka, na dakika mbili baadaye wamerudi kazini. Hofu ya namna hiyo haina ubaya, ndiyo inayowaokoa na adui.

Msongo ni hofu isiyokuwa na mwisho. Mwili wa samaki hutoa homoni ya kotisoli, ileile inayotoka kwetu tukibanwa. Ikitoka kwa muda mfupi inamsaidia kukimbia. Ikikaa siku nyingi inamla: anaacha kula, kinga inashuka, na vimelea vilivyokuwa vinamvizia vinapata njia. Ndipo mwenye tangi anaona ukungu mweupe kwenye pezi na kukimbilia dawa. Mimi dawa huiweka mwisho kabisa. Kwanza nauliza maji yakoje, halafu nauliza majirani wakoje.

Kwenye maji, ushauri mwingi unaozagaa intaneti uliandikwa kwa ajili ya samaki wa mito kama Amazon, na ukiufuata kwa samaki wetu utawaua. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ikiwa katikati) inayokaribia 9. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ina sura mbili, moja kali na moja isiyo na makali sana. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita asilimia 30. Yaani uchafu uleule, kiasi kilekile, kwa samaki wa Kigoma ni sumu zaidi ya mara 50.

Hili nililijua kwa kuumia. Tangi langu la kwanza lilikuwa safi, na siku moja nikaona sponji ya chujio imejaa matope. Nikaiosha kwa maji ya bomba hadi ikang'aa. Sikujua kwamba ndani ya yale matope ndimo walimoishi bakteria wanaoigeuza amonia, na kwamba klorini ya bombani huwaua. Kuwakuza upya huchukua wiki nne hadi sita. Siku ya tatu samaki walianza kujisugua kwenye mawe kama wanawashwa, mapezi wameyabana mwilini, na mimi nikadhani ni wadudu, nikatia dawa. Sasa sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, basi.

Rangi nayo husema, ila haraka kupita tulivyozoea. Kwenye kingo za ziwa na midomo ya mito kuna sikilidi aitwaye Astatotilapia burtoni, ambaye wanasayansi wa ng'ambo wamemfuga miaka mingi kuchunguza ubongo. Dume mwenye himaya anang'aa na ana mstari mweusi kwenye jicho. Akishindwa ugomvi, rangi na mstari vinafifia katika dakika chache. (Usiogope ukiwasha taa alfajiri ukawakuta wamepauka, samaki wengi hupauka wakilala.) Akipauka mchana, akajibanza kwenye kona ya juu nyuma ya bomba la chujio na mapezi yamechanika, hapo huna haja ya kupima maji. Kuna anayempiga.

Kwa Tropheus jambo hili ni zito. Ukiweka wawili au watatu, mmoja atawamaliza wenzake. Wanataka kuwa kundi la kumi na kuendelea ili ubabe usimwangukie mmoja, na kundi hilo linahitaji tangi kubwa. Mwenye tangi la lita 60 asiwaguse. Afuge wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, wenye urefu wa sentimita nne tano tu, atafurahi na wao watatulia.

Na tafadhali, tusiwape Tropheus unga wa dagaa. Najua dagaa ndiyo rahisi hapa kwetu. Lakini utumbo wao ni mrefu sana, umeumbwa kwa majani ya mawe. Wakilishwa nyama, hasa wakiwa na msongo, tumbo linavimba na kinyesi kinakuwa uzi mweupe. Ukiona uzi huo, hali ni mbaya tayari.

Wale watano wa nyumba ya wageni bado wapo. Mwenye nyumba alitaka kuwarudisha ziwani, nikamsihi asifanye hivyo. Tropheus wa ufuko mmoja hawafanani na wa ufuko mwingine, na hakuna pale aliyejua hawa walitolewa mawe gani. Ukiwamwaga ufukoni Kibirizi unachanganya ukoo uliokaa peke yake vizazi kwa vizazi.

Juzi dada wa mapokezi alinipigia simu. "Kaka, mmoja amepauka na amejificha nyuma ya pampu. Chakula sijawapa. Nimehesabu mashavu, hayaendi mbio. Nadhani anapigwa." Nilipofika nilikuta ameshatoa lile kasri, amepanga mawe ya ziwani hadi karibu na juu, yenye mapango ya kujificha kila upande. Yule samaki alikuwa ndani ya pango la kushoto, vidoa vimeanza kurudi. Mwenye nyumba sasa anatafuta fundi wa kioo wa kumtengenezea tangi la lita 300.