Kumbukumbu Juani

Mimi ni mtu mzima, nina kitambulisho cha taifa na deni kwa Mangi. Lakini leo asubuhi nimesimamishwa uani, taulo kiunoni, mswaki mdomoni, nahojiwa na mama mwenye nyumba kuhusu chipu mbili.

Kisa ni lile gemu langu la zamani, la kaseti zile za kupuliza. Zote zimekufa, nikasema nitatengeneza yangu. Gemu la yule fundi bomba mwenye masharubu, la 1985, ni kilobaiti 40 tu: 32 za programu, 8 za picha. (Tangu mwaka huo anarukaruka juu ya mabomba na hajaziba hata moja. Angepata kazi hapa Buguruni.) Kariakoo nikapata chipu mbili za kuhifadhia data, moja ya programu na moja ya picha, zilizong'olewa kwenye kompyuta mbovu, kila moja miguu 28 na kidirisha cha kioo mgongoni. Muuzaji akanitajia bei kama anauza figo, tena yake.

Sasa chipu hizi lazima zifutwe kwanza, na hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV), ule usioonekana kwa macho ambao hata jua linao. Taa yake sina. Jua la Dar lipo, na jua kali huzifuta kwa wiki moja hivi. Nikazipanga kwenye ungo juu ya paa la choo, asubuhi naanika, usiku naanua. Leo siku ya tano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi vidudu vya miguu mingi ni vyako?"

"Ndiyo, mama."

"Unavianikia nini?"

Ningesema dawa ya mende, yangeisha. Nikatema povu, nikajibu kama mhadhiri: "Nafuta kumbukumbu."

Kimya. Bibi wa chumba cha tatu akaacha kufua.

"Kumbukumbu ya nani?"

"Ya kompyuta, mama. Ya zamani."

"Mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe nani?"

Mama mwenye nyumba akashika kiuno. "Kumbe! Ndiyo maana mwezi uliopita nilisahau kukudai kodi!"

Bibi akasema astaghafirullah, akavuta beseni lake mbali na mimi.

"Na haka kajicho ka kioo, kanamwangalia nani humu ndani?"

"Hakaangalii mtu, mama, kanapitisha jua."

"Hakapitishi kitu. Kila ukitoka kwenda kazini mimi nakalaza kifudifudi."

Siku tano! Siku tano jua linachoma miguu, kidirisha kimelala kwenye ungo! Mimi nikirudi naanua gizani, ningejuaje? Nilitaka kulia, taulo likataka kuanguka, nikachagua taulo.

Kodi nimelipa nusu papo hapo, kumbukumbu yake imerudi yote. Chipu nimehamishia dirishani kwangu, kunakopata jua saa moja kwa siku. Na ungo mama kauchukua, kaanika dagaa. Dagaa wenyewe wana mchanga nusu kilo, na yule paka wa jirani ameshakaa pale juu tangu asubuhi. Simfukuzi. Akija kuulizwa mtu, mimi sikumbuki kitu.