When They See Us: Lawama Ziende kwa Mtu au kwa Utaratibu?

Tamthilia ya When They See Us, iliyoongozwa na Ava DuVernay na kutolewa na Netflix mwaka 2019, inasimulia mkasa wa vijana watano wa New York, Weusi wanne na Mlatino mmoja, waliofungwa kufuatia kubakwa na kupigwa vibaya kwa mwanamke aliyekuwa akifanya mazoezi ya kukimbia katika bustani ya Central Park, Aprili 1989. Walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 16. Hukumu zao zilifutwa mwaka 2002, baada ya Matias Reyes kukiri kwamba alitenda unyama huo peke yake, na vinasaba vikathibitisha kuwa ndiye.

Linda Fairstein, ambaye wakati huo aliongoza kitengo cha waendesha mashtaka wa makosa ya kingono huko Manhattan, New York, alilalamika kwamba tamthilia ilimpachika maneno na matendo yasiyo yake. Alifungua kesi mwaka 2020, na mwaka 2024 pande mbili zikapatana: yeye hakulipwa, Netflix ikakubali kutoa dola milioni 1 kwa shirika linalowatetea waliohukumiwa kimakosa, na tangazo kwamba baadhi ya mambo yamebuniwa likahamishiwa mwanzoni. Malalamiko hayo yana uzito, kwa kuwa anayemtaja mtu aliye hai kwa jina lake halisi ana wajibu mkubwa zaidi kuliko mtunzi wa hadithi tupu. Hata hivyo, hayapunguzi chembe ya kutokuwa na hatia kwa vijana wale.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine: mtazamaji akishapewa mtu mmoja wa kumchukia, yaani Fairstein, huona kana kwamba bila yeye haki ingetendeka. Sehemu zenye nguvu zaidi ni zile zisizomhitaji mtu huyo. Baba yake Antron McCray, mmoja wa wale watano, kwa hofu, anamsihi mwanawe awaambie polisi wanachotaka kusikia ili arudi nyumbani, na uhusiano wao haukupona tena. Korey Wise, mwingine wao, ambaye polisi hawakuwa wakimtafuta, anamsindikiza rafiki yake kituoni, kisha anaishia katika magereza ya watu wazima hadi mwaka 2002. Hapo ubaguzi unaonekana ulivyofanya kazi: weusi wa mtoto ulitosha kumfanya mshukiwa, na woga wake ukageuzwa ushahidi.

Tangu mwaka 2018, sheria ya jimbo la New York inawataka polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa walio kizuizini kwa makosa mengi mazito. Mwaka 1989 kamera ziliwashwa baada ya vijana kuhojiwa kwa saa nyingi, kwa hiyo mahakama iliwasikia wakikiri bila kuona walivyofikishwa hapo.