Mechi 41 si kidogo

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa kaka yangu, Nkuhungu, Dodoma, tumezunguka ugali wa uwele na mlenda. Kijana wake wa miaka 14 akaanza kutusimulia habari za Gift Ngoepe, yule Msauzi, mtu wa kwanza kuzaliwa na kukulia Afrika akafika ligi kuu ya Marekani ya besiboli, ule mchezo wa kurushiwa mpira na kuupiga kwa gongo. Alisimulia mpaka tonge likamkaukia mkononi. Baba yake akamwacha amalize, kisha akauliza, "Alicheza mechi ngapi huko?"

Mtoto hajui kudanganya. "41, baba."

"Mechi 41, akarudi kwao. Hiyo nayo ni kazi?"

Tonge likarudishwa kwenye sahani. Tangu siku ile moyo wangu haujatulia.

Hesabu ya kaka ni sahihi. Mechi 28 na Pittsburgh Pirates mwaka 2017, nyingine 13 na Toronto Blue Jays mwaka 2018. Timu moja kule hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo ni kama robo ya msimu mmoja. Ila kaka ameanza kuhesabu mwishoni.

Mama yake Ngoepe alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli Randburg, eneo la Johannesburg. Waliishi kwenye chumba kidogo ndani ya jengo la klabu hiyo hiyo. Mtoto akifungua mlango, uwanja huo hapo. Mwaka 2008, akiwa na miaka 18, akasaini na Pirates. Halafu ikaanza ile sehemu ambayo kaka haihesabu: ligi za chini, Bradenton, Altoona, Indianapolis, miji ambayo kwao hakuna aliyewahi kuisikia, safari ndefu za basi, kila mwaka anaangalia wenzake wakiitwa juu na yeye anabaki. Malipo ya ligi zile enzi hizo yalikuwa haba, wachezaji wengi msimu ukiisha walitafuta vibarua ili wale. Ilikuja kuwa afadhali baada ya wao kuingia kwenye chama cha wachezaji mwaka 2022 na kupata mkataba mpya mwaka uliofuata, wakati huo yeye keshapita. Mwaka 2013 mama yake akafariki. Hakumwona mwanawe akifika.

Aliendelea kucheza miaka mingine minne. Nimeirudia sentensi hii mara nyingi kichwani, na kila mara nakwama hapo hapo.

Tarehe 26 Aprili 2017 akaitwa. Aliingizwa katikati ya mchezo dhidi ya Chicago Cubs, waliokuwa mabingwa, mrushaji wao akiwa Jon Lester. Mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo kwenye ligi kuu, akaupiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama. Kaka yangu, mimi naanza kuhesabu tangu kile chumba cha Randburg. Ukianzia hapo, mechi 41 ni nyingi sana.

Nakubali kugonga hakukuwa nguvu yake. Alisifika kwa kudaka. Nakubali pia kwamba Tanzania hakuna ligi ya besiboli ya kumlipa mtu, na kwamba shule lazima iende. Lakini Uganda hapo jirani watoto wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na miaka kumi baadaye vijana wawili wa Kiganda wakasainiwa na Los Angeles Dodgers, timu ya ligi kuu ile ile. Walianza kwa kuachwa wacheze.

Sisi wasichana tuliocheza rede tunaujua mkono wa kurusha. Nilikuwa na mkono wa namna hiyo. Mwenzangu akiwa katikati anajaza mchanga kwenye chupa, nikilenga nampata. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mkono ule una thamani, wala mimi sikuwahi kuuliza. Labda ndiyo maana lile swali la mezani limenichoma kiasi hiki.

Baada ya chakula nilimfuata kijana nyuma ya nyumba. Gongo lake amelichonga kwa mti wa mwarobaini, mpini ameuzungushia utepe wa tyubu ya baiskeli usimteleze. Mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara na kukazwa kwa tyubu hiyo hiyo. Alinionyesha kiganja: malengelenge mawili yaliyopasuka, moja limeanza kuwa sugu. Upepo ulikuwa unatupiga vumbi la machoni. Nikamrushia, mbili akakosa, ya tatu akaipeleka juu ya michongoma ya jirani, tukaenda kuomba mpira wetu.

Nimemwahidi glovu mwisho wa mwezi. Kaka, najua utaisoma hii. Mimi nakuja Jumapili tu, na mtoto anahitaji mtu wa kumrushia kila jioni. Ukitoka kazini, vua koti umrushie.