Chale za Bibi na Brashi ya Kompyuta

Miaka michache iliyopita familia moja ya Kimakonde iliniletea picha ya bibi yao aliyekuwa amefariki, wakaomba niisafishe ili iwekwe kando ya jeneza siku ya mazishi. Nilikuwa na usiku mmoja tu. Niliondoa vumbi na mikwaruzo, nikapunguza mng'ao uliokuwa umezidi kwenye paji la uso, kisha, kwa mazoea ya mkono kuliko kwa kufikiri, nikazifuta chale za mashavuni. Asubuhi mjukuu mmoja aliitazama kwa muda mrefu, akasema kwa upole, "Kaka, pole na kazi, lakini huyu si bibi." Bahati yangu nilikuwa nimefanya marekebisho yote kwenye tabaka la pekee, juu ya picha ya asili, hivyo nililizima na chale zikarudi.

Tangu siku ile ninatofautisha kinachopita na kinachokaa. Chunusi iliyoota juzi, jasho la ukumbini, poda iliyoganda pembeni mwa pua na uzi wa kitenge ulionasa shavuni ni vya kuondolewa, kwa kuwa baada ya wiki mbili visingekuwepo hata bila mimi. Kovu, alama ya kuzaliwa, mikunjo ya macho, chale na rangi ya ngozi ni mali ya mwenye uso, na sivigusi mpaka mwenyewe aniagize.

Kosa ninaloliona kila siku ni la kitufe kimoja cha kulainisha, ambacho huutia uso mzima ukungu na kufuta vitundu vya vinyweleo. Kwa ngozi nyeusi hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu umbo la uso wetu hujulikana sana kwa mng'ao: ule mstari wa mwanga juu ya mfupa wa shavu, nukta iliyo kwenye ncha ya pua, na utepe mwembamba kando ya taya. Mng'ao huo ukitawanywa, uso huwa bapa na hupata rangi ya majivu.

Wapiga picha wengi hukimbilia njia ya kutenganisha matabaka mawili, la chini likibeba rangi na vivuli, la juu likibeba vitundu na vinyweleo. Ni njia nzuri kwa mwenye subira, ila wengi hulilainisha tabaka la chini mpaka mwanga unakosa upande unakotoka, na matokeo yake ni kinyago chenye vitundu. Mimi napenda ile ya kale, iliyotoka kwenye chumba cha giza, ambako msafishaji alikinga mwanga kwa kiganja au kwa kipande cha kadibodi ili sehemu fulani ya karatasi ibaki angavu, au aliiongezea mwanga ili ikolee. Kwenye Photoshop, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, hufanywa kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 1 hadi 3, doa moja baada ya jingine. Uso mmoja unaweza kula saa nzima, na hakuna anayelipia saa hizo kwa picha 300 za harusi. Kwa hiyo naufanyia hivyo uso wa picha chache za albamu, zilizobaki naziondolea chunusi tu.

Kuhusu kung'arisha rangi sina subira. Krimu za zebaki zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini ndani ya simu mkorogo unapatikana bure, na mara nyingine kamera huupaka kabla hata haijaombwa. Isitoshe, kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikatoka kama makaa. Baada ya hayo yote, kuiharibu kwa mikono yetu wenyewe rangi ambayo kamera za leo zinaweza kuinasa vyema kunaniuma.

Bibi harusi akisisitiza, simbishii. Namfanyia nakala moja yenye uso aliouomba, namwekea karibu na ile ya asili, kisha namwonyesha shingo yake, mkono wake wenye hina, na mama yake mzazi aliyesimama kando yake akitabasamu kwa uso uleule wa zamani.