Kamera, duma na tipu ya dereva

Julai 2025 zilisambaa video za watalii walioshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni mwa Mto Mara, upande wa Serengeti, huku nyumbu wakihangaika kutafuta pa kuvukia. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Ila hasira nyingi iliishia kwenye kamera na simu, kana kwamba bila picha hifadhi zetu zingekuwa shwari. Hapo ndipo mimi naachana na wenzangu.

Wanaoilaumu kamera wana ushahidi, tena si mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara ulionyesha kuwa penye watalii wengi, duma jike hulea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 tu kwa kila uzao. Penye watalii wachache, wastani ni 2.3. Ukikaa porini asubuhi moja utaona jinsi mambo yanavyoweza kufika huko, kwa sababu duma huwinda mchana, saa zilezile magari yanapozunguka. Anapanda kichuguu, anawaangalia swala tomi walioko mbali, kisha anashuka akinyata. Gari la kwanza linasogea ili abiria wampate uso. La pili linapita kushoto kumtangulia. Swala wanainua vichwa, na mawindo ya asubuhi hiyo yameishia hapo.

Upande wa pili, Serengeti yenyewe ina deni kwa picha. Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael walirekodi tambarare zile kwa filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na watu wa Ulaya ambao wasingefika huku kamwe wakaanza kuijali. Michael alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati kazi ikiendelea. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ripoti ya takwimu isingewagusa watu kiasi kile. (Mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, na hadi leo mandhari inayouzika ni ile isiyo na boma wala ng'ombe. Hilo nalo ni deni, ila kamera ndiyo inayodaiwa.)

Kuna jambo ambalo walalamikaji hulisahau: mpiga picha anayeijua kazi hana haja ya kusogea. Mwenye lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, ya milimita 400 au 600, huilaza juu ya mfuko wa maharage dirishani, humwomba dereva azime injini ili gari lisitikisike, halafu anasubiri. Akikaribia mno anapata sikio na nusu ya shavu. Anayeteseka ni mwenye simu, kwa maana duma aliye mita 50 ni nukta kwenye kioo chake. Ndiye anayemgusa dereva begani. Wataalamu nao si malaika: wengine humganda mnyama mmoja kutwa nzima, na wapo wanaolipia kibali cha kutoka nje ya barabara pale ambapo mgeni wa kawaida angetozwa faini.

Na yule dereva? Sheria anazijua. Kule Mara ni magari yasiyozidi 5 kwa mnyama mmoja, na umbali usiopungua mita 25. Lakini tipu mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya riziki yake, na tipu hufuata picha. Tangu 2024 mgeni kutoka nje anayelala nje ya hifadhi ya Mara hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na tiketi yake ni ya saa 12. Bei hiyo ilitarajiwa kupunguza msongamano. Lakini mtu aliyetoa dola 200 na kuliona jua likishuka hawezi kuwa mvumilivu. Anataka chui wake kabla ya lango kufungwa.

Hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, kama Naboisho na Olare Motorogi, zimefuata njia nyingine: wamiliki wa ardhi, ambao ni Wamaasai, hulipwa kodi, vitanda vya kambi vina kikomo, na anayeingia ni mgeni wa kambi hizo tu. Kwa duma ni nafuu kubwa. Kwa mwalimu wa Narok mwenye simu yake na mshahara wake, ni mlango uliofungwa, na sioni namna ya kulipamba hilo.

Mimi ningeanza na kampuni kabla ya kumgusa dereva. Gari la sita likikutwa kwa duma, mwenye gari azuiwe langoni msimu mzima. Dereva akijua kwamba bosi wake anaogopa kukosa lango kuliko kumuudhi mgeni, atathubutu kusema hapana, na mgeni atapiga nukta yake akaikuze hotelini.