Chuo Kinachomjua Mrithi Wake

Riwaya zinazosomwa sana na vijana siku hizi, hasa kwenye simu, zina umbo ambalo msomaji hulitambua kabla hajamaliza ukurasa wa pili. Kuna dola katili inayotawala kwa hofu, kuna chuo ambacho wanafunzi huingia wengi wakatoka wachache, na kuna kijana wa ukoo wa kitawala, mrithi wa kiti kilichoporwa, ambaye damu yake imebeba nguvu iliyopigwa marufuku. Kijana huyo anaificha nguvu yake, na kurasa mia nne zinazofuata huendeshwa na swali moja tu: je, atagunduliwa? Mimi ni msomaji wa riwaya hizo na sioni haya kukiri, maana zinasisimua na zimewarudisha kwenye usomaji vijana wengi ambao walimu wa fasihi walikuwa wamewakatia tamaa. Hata hivyo naamini kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya, na ubaya huo huonekana wazi mtu anapozitazama shule za kweli ambako watoto wa watawala walipelekwa bila hiari yao.

Ninayoifikiria kwanza ni ile iliyofunguliwa Saint-Louis, Senegali, katikati ya miaka ya 1850. Mwanzilishi wake alikuwa Louis Faidherbe, mwanajeshi mhandisi aliyekuwa gavana wa koloni hiyo ya Kifaransa tangu mwaka 1854, na jina la shule halikuficha kitu: École des otages, yaani Shule ya Mateka. Mtawala aliyeshindwa vitani, au aliyetia saini mkataba huku roho ikimdunda, alimtoa mwanawe, na mtoto huyo akakaa mjini akifundishwa Kifaransa, kuandika na hesabu, ilhali uhai wake ukiwa dhamana ya utulivu wa baba yake. Akishakua, alirudishwa kwao awe chifu au mkalimani anayewaelewa wakubwa wapya na anayeeleweka nao. Kwa serikali yenye askari wachache na nchi kubwa ya kudhibiti, darasa lilikuwa silaha ya bei nafuu, na wala si ajabu kwamba ni katika utawala wa gavana huyohuyo, mwaka 1857, ndipo kilipoundwa kikosi cha askari Waafrika wa Senegali walioipigania Ufaransa.

Kati ya watoto waliopita mikononi mwa mfumo huo, Sidia Diop ndiye anayenishughulisha zaidi. Mama yake, Ndaté Yalla Mbodj, alikuwa lingeer, malkia wa Waalo, ufalme wa Wawolof uliokuwa karibu na mdomo wa mto Senegali, na ndiye aliyeyakabili majeshi ya Faidherbe mwaka 1855, Waalo ilipotekwa. Sidia alichukuliwa akiwa bado mtoto. Alisomeshwa Saint-Louis, akapelekwa hadi Algiers kuendelea na masomo, akabatizwa kwa jina la Léon, ambalo ni mojawapo ya majina ya Faidherbe mwenyewe, na gavana huyo ndiye aliyesimama kama baba yake wa ubatizo. Kwa vipimo vya walimu wake, mwanafunzi huyu alifaulu. Alirudi Waalo akapewa uongozi chini ya Wafaransa, kisha hatua kwa hatua akaanza kuvua alichovishwa, na inasimuliwa kwamba aliapa kutovaa tena nguo za Kizungu wala kuzungumza Kifaransa. Mwaka 1869 aliasi. Vita vilipomwendea vibaya alitafuta msaada wa Lat Dior, mtawala wa Kayor, naye Lat Dior akamkabidhi kwa Wafaransa mwaka 1875. Alihamishiwa Gabon, akafia huko mwaka 1878, akiwa bado kijana. (Lat Dior naye aliuawa akipigana na Wafaransa haohao mwaka 1886, kwa hiyo usaliti ule haukumnunulia hata miaka kumi na miwili.)

Kisa hiki hakikubali kuingizwa katika umbo la riwaya nililolitaja. Hakuna aliyemgundua Sidia kwa kuwa hakuna aliyehitaji kumgundua. Alichukuliwa kwa sababu nguvu yake ilikuwa inajulikana tangu siku aliyozaliwa. Nguvu hiyo haikuwa moto wala kivuli kinachotii amri, ilikuwa ni kwamba siku akisema “simameni”, watu wa Waalo wangesimama. Shule haikuwa na nia ya kuiua nguvu hiyo, kwa maana mateka aliyekufa hana faida, na mrithi aliyepoteza heshima kwao hana faida vilevile. Walichotaka wakubwa ni kuihifadhi ikiwa nzima, kisha kuigeuzia upande wao. Ndiyo maana nashindwa kuviamini vyuo vya riwayani vinavyowatupa wanafunzi wake kutoka minarani kila wiki. Dola yenye akili haiwachezei warithi namna hiyo. Huwalisha vizuri, huwasahihishia insha zao kwa makini, na huwapa majina mapya kwa sherehe.

Waosmani, Waturuki waliotawala dola kubwa wakati huo, waliijua hesabu hiyo karne nne kabla ya Faidherbe. Mwaka 1442 Vlad Dracul, mtawala wa Wallachia katika nchi inayoitwa Rumania leo, aliwaacha wanawe wawili mikononi mwa Sultani Murad II. Mkubwa, Vlad, alikuja kuwa adui mkali wa Waosmani. Mdogo, Radu, alibaki upande wao, na mwaka 1462, Sultani Mehmed II alipoivamia Wallachia, ndiye aliyewekwa kwenye kiti cha kaka yake. Ndugu wawili, utumwa mmoja, walezi walewale, na matokeo yaliyopishana kama usiku na mchana. Ningekuwa mwandishi wa riwaya ningemwacha Vlad, ambaye dunia imekwisha kumsimulia kwa jina la Dracula hadi akachosha, nikamwandika Radu, kwa sababu ndani ya Radu ndimo linamolala swali ambalo waandishi wetu hulikwepa: inakuwaje mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu akawapenda waliomchukua, na je, tuna haki ya kuuita upendo huo uongo?

Gjergj Kastrioti, mwana wa mtawala wa Kialbania, anaelekea kuwa mgumu zaidi kumwelewa kuliko wote hao wawili. Naye alipelekwa kama mateka katika kasri la sultani huko Edirne, katika Uturuki ya leo, akasilimu, akaitwa Iskander kwa kumkumbuka Aleksanda Mkuu, akapewa cheo cha bey, na akavipigana vita vya Waosmani kwa takriban miaka ishirini. Mwaka 1443, jeshi la sultani liliposhindwa karibu na Niš, katika Serbia ya leo, aliondoka na Waalbania wapatao mia tatu, akaenda Krujë, mji wa baba yake, akauchukua kwa kile kinachosimuliwa kuwa barua ya kughushi yenye amri ya sultani. Kisha alirudi kwenye Ukristo, na tangu hapo mpaka alipofariki Januari 1468 aliwasumbua waliomlea, huku Krujë ikizingirwa mwaka 1450, kisha 1466 na 1467, bila kutekwa.

Wanaompenda husimulia kwamba aliuficha moyo wake kwa miaka yote ishirini, kama mrithi wa riwayani anavyoificha nguvu yake. Mimi naelekea kuamini vingine. Mtu hawezi kuvaa vazi moja kwa miaka ishirini, akalala nalo na kupigana nalo, lisigeuke ngozi. Naona uwezekano mkubwa zaidi kwamba alikuwa mtumishi wa kweli wa sultani mpaka pale baba yake alipofariki mwaka 1437 na ardhi ya ukoo isiwe yake, na kwamba kilichofuata kilikuwa hesabu ya mtu mzima aliyechoka kungoja. Maelezo hayo hayampunguzii ushujaa, ila yanaifanya silaha yake ieleweke: alilijua jeshi la Waosmani kutoka ndani, jinsi linavyopangwa, linavyolishwa na linavyochoka. Nguvu iliyowatesa walimu wake, basi, walikuwa wamempa wenyewe, kwa gharama zao, na hilo ni jambo ambalo riwaya za nguvu za damu haziwezi kulisema kamwe, maana ndani yake mrithi huja chuoni akiwa tayari ana kila kitu na chuo hakimwongezei ila majeraha.

Kuna pia suala la kurudi nyumbani, ambalo riwaya nyingi hulimaliza kwa shangwe na ngoma. Mwaka 1886 Samori Touré, aliyekuwa akipambana na Wafaransa katika eneo la Gine na Mali za leo, alimruhusu mwanawe Karamoko apelekwe Ufaransa. Haikuwa shule, ilikuwa ziara ya kuonyeshwa ukubwa wa dola, lakini lengo lilikuwa lilelile. Karamoko alirudi akiamini kwamba Wafaransa hawashindiki, akalisema hilo na kushauri amani, na mwaka 1894 akauawa kwa amri ya baba yake mwenyewe kwa tuhuma za usaliti. Mrithi aliyeelimika aliponea kwa maadui, akafia nyumbani kwao.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda hadi Edirne kuyajua hayo, kwa kuwa Fumo Liyongo tumesimuliwa tangu utotoni. Huyo ni mrithi kweli, anayeogopwa na sultani wa Pate kwa nguvu zake, na ana siri: haingiwi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Tumezoea kukumbuka alivyotoka gerezani, tupa ikiwa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi waliudharau wakaula ule mzuri, kwa kuwa ni kipande kitamu cha werevu wa mama. Lakini gereza halikumuua Liyongo. Aliuawa na mwanawe mwenyewe, kijana aliyealikwa huko Pate, akakirimiwa, akaahidiwa cheo na binti wa sultani, kisha akatumwa nyumbani akamuulize baba yake swali moja. Masimulizi yanasema Liyongo alishuku, na bado alimjibu. Sultani aliyeshindwa na nondo za gereza alifanikiwa kwa ukarimu, na ahadi zenyewe hazikumfaidia kijana yule. Kwa maoni yangu, hiyo sehemu ya kijana huko Pate, ambayo masimulizi huipita kwa haraka, ndiyo riwaya tunayodaiwa: alikaa vipi katika kasri lile, aliambiwa nini kumhusu baba yake, na ni lini alianza kuona aibu kuwa mwana wa mtu wa porini.

Na kama mtu anataka chuo chenye madawati, tunacho Tabora. Shule ya serikali iliyofunguliwa huko na Waingereza katika miaka ya 1920 iliwalenga hasa watoto wa machifu, kwa sababu utawala wa kupitia machifu uliwahitaji machifu wanaosoma barua za bwana shauri na kuzijibu. Sitaki kuifananisha na Saint-Louis kwa kila kitu, maana wazazi wengi waliitamani na waliosoma hapo wameikumbuka kwa fahari, lakini lengo la asili lilikuwa la ukoo mmoja na lile la Saint-Louis. Mwaka 1937 aliingia hapo Julius Nyerere, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Hapo pia alisoma Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe mwaka 1957 na baadaye waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Mwaka 1963 serikali hiyo, ikiongozwa na mwanafunzi wa Tabora, ilifuta kisheria mamlaka ya machifu nchini kote.

Mimi huona tukio hilo kuwa la kusisimua kuliko joka lolote. Shule iliyojengwa ili kiti cha uchifu kiendelee kukaliwa na watu wanaofaa ilimtoa mtoto wa chifu aliyekiondoa kiti chenyewe, na hakuwahi kuficha nguvu yoyote. Alifaulu mitihani yote, akaenda Makerere, kisha Edinburgh, huku kila hatua ikipigiwa makofi na wakubwa. Walimjua vizuri sana, na kumjua huko hakukuwasaidia. Wakati huohuo Fundikira, aliyepita njia ileile, alikuwa na kiti cha kweli cha kupoteza. Sioni kwa nini mwandishi kijana wa Dodoma au Mombasa anayetunga hadithi ya chuo cha kutisha aazime minara ya Ulaya ya kufikirika, ilhali mabweni ya aina hii yapo kwenye historia ya babu zake.

Kwa hiyo nina ombi moja mahususi kwa wanaoandika hadithi hizi kwa Kiswahili, na wapo wengi, baadhi yao wakiwa na vipaji vinavyostahili wahariri wazuri kuliko wanaowapata. Mwacheni mrithi agunduliwe katika sura ya kwanza. Walimu wamjue, wamjue baba yake na kaburi la babu yake, wajue hata wimbo anaolalishiwa. Kisha wampe chumba chenye dirisha, mwalimu mwenye subira anayempenda kwa dhati, na rafiki kutoka ukoo wa maadui. Afike mahali anaposikia lafudhi ya watu wa kwao sokoni akaikereka, kabla hajajua kwamba imemkera. Naye mkuu wa chuo, katika riwaya ninayoingoja, hatamuuliza kijana huyo anaficha nini. Atamwita ofisini baada ya mtihani wa mwisho, amkaribishe chai, na amuulize angependa kupangiwa wilaya gani.