Rahisi Tu, Anko

Kuna kauli imenichosha mwaka huu kuliko kodi ya fremu. "Rahisi tu." Anayeitamka huwa hayupo mambo yanapoharibika. Yuko chuoni, simu anapokea akiwa amening'inia kwenye daladala, na ukimsomea kilichoandikwa kwenye skrini anakujibu, "Aah, hiyo? Rahisi tu, anko."

Namsema mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma IT. Ndiye aliyekuja hapa stesheneri kwangu Mbagala na habari kwamba msaada wa Windows 10 umekoma tangu Oktoba 14, 2025, na kwamba kompyuta yangu haina sifa za kupanda Windows 11 kwa sababu inakosa kitu kinaitwa TPM 2.0, chipu ya usalama. Nikamwuliza hiyo TPM pale Kariakoo inauzwa mtaa gani. Akacheka kile kicheko cha watu waliosomeshwa kwa michango ya ukoo. Akasema niweke Ubuntu, ambayo ni Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, inakwenda vizuri kwenye mashine kuukuu na tena ni bure.

Hiyo bure ina uzito wa karibu GB 6, na bando la GB 6 hakuna aliyenipa sadaka. Nikashusha usiku. Asubuhi faili lipo, limenyooka, kumbe limekatika mwishoni. Na faili lililokatika halisemi. Linakuacha uanze, uchague lugha, uandike jina lako kamili, ujione umeshafika, ndipo katikati linakutupia "Input/output error" na kukaa kimya. Dawa ipo, na inabidi itangulie: amri ya sha256sum (ukiwa bado Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256) inakutolea mlolongo wa herufi na tarakimu 64, unaulinganisha na ule uliowekwa kwenye tovuti ya Ubuntu. Ukitofautiana hata kwa kimoja, shusha upya. Basi mimi nasoma kwa sauti, dada wa dukani anahakiki: "Saba. E. Nne. Nne. B." Mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akadhani tunachezesha bahati nasibu. Akauliza tiketi shilingi ngapi.

Na usije ukalinakili faili hilo kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo za taarabu. Lazima liandikwe na programu maalumu, Rufus au balenaEtcher, la sivyo kompyuta itaikagua flashi yako, haitaona cha kuanzia, itajipitia zake kwenda kwenye diski.

Halafu kuna kitufe. Ili mashine ianze na flashi, ubonyeze kitufe kabla nembo haijaondoka. Kitufe kipi? Inategemea nani aliiunda. Wengine F2, wengine F12, wengine F9, wengine Esc, wengine Delete. Hivi hawa watu walishindwa kukaa kikao kimoja? Sisi hapa tunaendesha vikao vya harusi vyenye wajomba wanaodaiana, na rangi ya sare inapatikana kabla soda hazijaisha.

Ikawaka. Skrini nyeusi. Feni inavuma, taa inawaka, ila kwenye kioo naona sura yangu mwenyewe tu, na haikuwa sura ya kutazamwa. Nikapiga simu. "Rahisi tu, anko, hiyo ni kadi ya picha." Nikaelekezwa: kwenye ile menyu ya mwanzo, inayoitwa GRUB, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda baada ya quiet splash, andika nomodeset, kisha F10. Neno hilo linaiambia Linux iache kuishughulikia kadi ya picha kitaalamu, itumie onyesho la kawaida mpaka draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo, ipatikane. Na kweli picha ikaja. Ukiizima ukaiwasha tena, imesahau. Ukitaka ikumbuke unaliandika neno lile ndani ya faili la /etc/default/grub, unamalizia na sudo update-grub. Mimi nimefika umri wa kuvaa miwani miwili kwa zamu, leo nawekwa niwinde mstari unaoanza na neno fulani kwenye kiza.

Sasa sikilizeni hili la waifai, maana hapa ndipo presha yangu ilipojitambulisha rasmi. Waifai haipo. Sisemi haishiki, alama yake yenyewe haipo pale juu. Napiga simu. Naambiwa ile chipu inahitaji draiva yake maalumu. Inapatikana wapi? Kwenye intaneti. Intaneti naingiaje? Kwa waifai, anko. Tukanyamaza wote wawili, salio linakwenda. Ndipo akakumbuka: chomeka simu kwa waya wa USB, kwenye simu ruhusu kugawa intaneti kwa waya, kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao. Kisha fungua dirisha la Additional Drivers, itatafuta yenyewe. Ikatafuta, ikapata, ikala bando. Jioni mpwa akaniongezea elimu kwamba simu yangu ni Android, na kiini cha Android ni Linux. Kwa maana hiyo Linux ilimkopesha Linux mwenzake intaneti, mdhamini mimi.

Ile sehemu ya kuandika amri, terminali, sina tatizo nayo kubwa, isipokuwa adabu. Inakuomba neno la siri. Unaandika, hakuna kinachoonekana. Hata nyota hakuna. Nikaichomoa kibodi, nikaipuliza, nikaigeuza, zikadondoka punje za wali wa mwaka ambao sitautaja. Kumbe inapokea makusudi kimyakimya ili aliye nyuma yako asihesabu hata idadi ya herufi. Usalama mzuri. Ila mtu mzima ukiandika kitu uonyeshwe kwamba umesikika, jamani.

Kuna siku nataka kuweka programu inaniambia "Could not get lock", halafu jina refu la faili la kufuli. Kijana mmoja pale kijiweni, fundi wa simu, akanishauri nilifute tu hilo faili. Wapo watu ambao kila kufuli wakiliona wanafikiria kulivunja. Maana yake ni kwamba kuna masasisho yanaendelea nyuma ya pazia, na wawili hawawezi kuhariri daftari moja la programu kwa wakati mmoja. Unasubiri yamalize. Ukifuta kufuli katikati, umelichafua daftari lenyewe. Nikasubiri. Nikanywa chai. Yakaribia kuisha, umeme ukakata.

Ulivyorudi: "dpkg was interrupted". Hapa niseme haki, kosa hili ni la kistaarabu kwa sababu linakutajia na dawa yake palepale, sudo dpkg --configure -a, nayo inamalizia programu zilizoachwa nusu. Yule mwenzake ndiye hana utu, yule anayekuja baada ya umeme kukata mara nyingi: kiza, na neno moja kwenye mabano, (initramfs), basi. Hakuna salamu. Maana yake mfumo wa mafaili umepata hitilafu, mashine imegoma kuingia ndani. Unaandika fsck -y na jina la sehemu ya diski, kwangu ilikuwa /dev/sda5, inajirekebisha, unaandika exit, maisha yanaendelea. Jina la sehemu mara nyingi limetajwa kwenye mistari ya juu kidogo, ukipandisha macho. Mpwa anasema ninunue UPS, lile betri la kuishikilia mashine umeme ukikata. Nikamwuliza, nayo ni bure?

Makosa yote haya yanakuja kwa Kiingereza, na mimi ningependa kuyatukana kwa lugha tunayoelewana. Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2004 wataalamu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi safi. Wangefika na kwenye makosa, leo ningekuwa nagombana na mtu wa nyumbani.

Windows sikuifuta. Iko upande wa pili wa diski kwa ajili ya programu yangu ya picha za pasipoti, na kila mashine ikiwaka inaniuliza leo tunaingia ipi. Unadhani zimekaa kwa amani? Kwanza Windows ukiizima haizimiki kabisa. Ina kitu kinaitwa Fast Startup, inasinzia jicho moja wazi, kwa hiyo Ubuntu ikienda kwenye diski yake inakuta mwenyewe bado yumo, inaruhusiwa kusoma tu, kuandika hapana. Unaona mafaili yako, huwezi kuyahifadhi. Dawa ni kuingia Windows, kwenye mipangilio ya umeme, ukaizime hiyo Fast Startup.

Pili, saa. Linux inaitunza saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, UTC. Windows inaichukulia saa ileile kuwa ni ya hapa kwetu. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo kila nikitoka Ubuntu kuingia Windows, Windows iko nyuma saa tatu. Dada wa dukani akagundua kabla yangu. Anaingia jua limeshaanza kuchoma, saa nne kamili, namnyooshea kidole, naye ananyoosha chake kwenye kompyuta: 7:00. "Si saa moja hii, bosi? Hata sijachelewa, nimewahi." Tumeishi hivyo mpaka nilipoandika timedatectl set-local-rtc 1, na Ubuntu yenyewe ililalamika kwamba mpangilio huo hauupendi. Hata mimi sipendi mambo mengi. Na kwa kuwa tuko kwenye saa, mpwa amenionyesha kwamba kwenye orodha ya saa inayotumiwa na mashine hizi, Dar es Salaam imeunganishwa tu kwenye Nairobi, haina kumbukumbu yake yenyewe. Hilo nalo nimelimeza.

Nisiwe mchoyo, kuna kitu kimoja imenifurahisha. Flashi za wateja. Mnazijua zile flashi zinazokuja na virusi vya shortcut, mtu anafungua anakuta mafaili yote yamegeuka vimshale, analia tasnifu yake imepotea. Nikiichomeka kwenye Ubuntu, vile vimshale ni takataka tu, na folda ambayo virusi viliificha ipo wazi, haina hata jina, ndani mafaili yote mazima. Namtolea mtu kazi yake, ananiona mganga. Naweka sura ya uganga, nachukua buku.

Ila furaha ya fundi haimalizi wiki. Mteja analeta CV aliyoiandika kwa fonti ambayo mashine yangu haina. LibreOffice, programu ya kuandikia ya huku Ubuntu, inaweka nyingine ya kufanana, mstari mmoja unamsukuma mwenzake, kurasa mbili zinakuwa tatu, na ya tatu ina namba ya simu ya mdhamini peke yake, imekaa juu kushoto. Nimebandika tangazo mlangoni: LETE PDF. Watu wanaingia wanauliza PDF inapatikana duka gani.

Tumefika kwenye printa. Mpwa aliponiona nimekaa chini naitazama bila kuongea, akaona anifariji kwa historia. Kwamba pale MIT, Marekani, miaka ya 1980 kuanza, kulikuwa na printa ya leza inayokwamisha karatasi, na bwana mmoja, Richard Stallman, alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu ikikwama. Akanyimwa msimbo, yale maandishi yanayoiunda programu. Hasira ile ni miongoni mwa zilizomfanya mwaka 1983 atangaze mradi wa GNU, programu huru kwa kila mtu, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaleta kiini, vikaungana. Hadithi nzuri. Akaendelea kwamba Aprili 19, 2021 helikopta ndogo Ingenuity iliruka kwenye sayari ya Mars ikiendeshwa na Linux hiihii.

Nikamwambia mwanangu, safari hii yote ilianza na mtu mwenye hasira za printa. Imefika Mars. Mbona haijapita Mbagala?

Printa yangu ni ya zamani, na draiva ya Linux ya toleo lake ni ya kuokoteza. Mambo yake unayasimamia kwa kuandika localhost:631 kwenye kivinjari, unaingia CUPS, ofisi ya printa. Pale nikakuta imesitishwa. Tabia yake ni kwamba kazi moja ikileta kosa, printa inaweza kusimamishwa, lakini mlango wa kupokea kazi mpya unabaki wazi. Mteja anabonyeza kuchapa, kimya. Anabonyeza tena. Anamwita mwenzake abonyeze. Mimi nabonyeza kwa niaba ya ofisi. Kila mbonyezo unapangwa foleni kwa uaminifu. Kuna amri ya kufuta foleni yote, cancel -a, ambayo mpwa alinitumia siku moja baadaye, akiwa na maneno yake yaleyale mawili mbele.

Mimi nilipewa cupsenable, ya kuirudisha kazini. Ikarudi. Ikachapa CV ya kijana mmoja, mhitimu wa ugavi, wote tukashangilia. Ikachapa tena. Ikachapa tena. Ikachapa ya mbonyezo wa asubuhi, ya mbonyezo wa mwenzake, ya mbonyezo wangu, na kila moja ina kurasa tatu kwa sababu ya ile fonti. Kijana akalipia nakala moja, akasema nyingine hakuagiza. Kisheria sikuwa na la kumjibu.

Nikamwuzia rimu lile muuza karanga wa pale stendi ya Rangi Tatu, anafungia. Sasa Rangi Tatu nzima inatafuna karanga huku inasoma sifa za yule kijana, kwamba anajituma, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, na ana ujuzi wa kompyuta. Juzi kapita hapa ananicheka, anasema ameshapigiwa simu mbili. Moja ya kazi.